Mafuta ya Adui na Mlango wa Pili

Esansi inayowasha pikipiki za Baraka, mji wetu wa wilaya ya Fizi, mazutu inayozungusha mashine za kusagia muhogo kutoka Mboko mpaka Lulimba, na mafuta yanayosukuma boti zinazotoka katika ghuba kila alfajiri na kuizunguka rasi ya Ubwari, hayatoki katika visima vya Muanda, kule kwenye pwani ya Atlantiki, ambako nchi yetu ya Kongo huchimba mafuta ghafi na kuyauza ng'ambo. Bali hushushwa melini katika bandari za Dar es Salaam na Mombasa, husafiri kwa gari moshi au kwa malori, huvuka mpaka mmoja na pengine miwili, hupanda chombo katika Ziwa Tanganyika, na hatimaye huuzwa kwa chupa na kwa bidoni na wakadafi walioketi kando ya barabara, ambao hawaulizwi na mnunuzi yeyote mafuta hayo yalichimbwa katika ardhi ya nani. Mnunuzi huuliza bei tu, na akiisha kuisikia hupunguza kiasi alichokusudia kununua.

Wako, hata hivyo, watunga sheria ulimwenguni ambao kwao asili ya mafuta imekuwa jambo zito kuliko bei yake. Urusi ilipoivamia Ukraine tarehe 24 Februari 2022, hazikupita wiki mbili kabla Rais wa Marekani hajapiga marufuku, tarehe 8 Machi, uingizaji wa mafuta, gesi na makaa ya mawe kutoka Urusi. Na Bunge la nchi ile, ambalo kwa desturi huvutana katika kila shauri, lilikuja kuithibitisha amri hiyo kwa sheria iliyopita katika Seneti kwa kura 100 bila hata moja ya kupinga, ikatiwa saini tarehe 8 Aprili mwaka huo huo. Ulaya nayo ilifuata, lakini kwa mwendo mwingine: makaa ya mawe yalizuiwa kuanzia Agosti 2022, mafuta ghafi yajayo kwa meli kuanzia tarehe 5 Desemba, mafuta yaliyosafishwa kuanzia tarehe 5 Februari 2023, na mabomba yaendayo Hungary na Slovakia, nchi zisizo na bahari, yakaachwa yapitishe mafuta kwa idhini maalumu. Gesi, ambayo ndiyo iliyokuwa ikipasha moto nyumba na kuendesha viwanda, haikuguswa na marufuku ya jumla kwa miaka mitatu na zaidi, na ilikuwa Desemba 2025 ndipo Bunge la Ulaya na serikali za Umoja ule zilipoafikiana kwamba mlango wake ufungwe kabisa kabla ya mwaka 2027 kwisha.

Mimi siwalaumu waliotunga sheria hizo. Taifa lina haki, na pengine lina wajibu, wa kukataa kumpa fedha yule anayezigeuza kuwa risasi. Na mtu wa Fizi, ambaye ameona kwa macho yake jinsi bidhaa iliyouzwa katika soko la mbali inavyorudi kwake katika sura ya bunduki, ndiye wa mwisho kubeza hoja hiyo. Ninalotaka wasomaji walitazame kwa makini ni jambo jingine, ambalo katika habari za magazeti makubwa hupita kwa sentensi moja: kwamba kila mmoja katika watunga sheria hao, kabla ya kuinua mkono wake na kupiga kura, alikwisha kuhesabu alichonacho nyumbani. Marekani ilikuwa ikipata kwa Urusi takriban asilimia 8 tu ya mafuta yake yaliyotoka nje, nayo ni nchi ichimbayo mafuta mengi kuliko nchi yoyote. Kwa hiyo ilifunga mara moja. Ulaya ilikuwa ikipata kwa Urusi zaidi ya theluthi moja ya gesi iliyoagiza. Kwa hiyo ilifunga taratibu, ikajenga vituo vya kupokelea gesi ya majimaji, ikanunua kwa Norway, kwa Marekani na kwa Qatar, na kila ilipopata mlango wa pili ndipo iliposukuma ule wa kwanza. Hata Marekani yenyewe, ilipofika kwenye urani iliyorutubishwa, ambayo mitambo yake ya umeme ilikuwa ikiitegemea Urusi kwa sehemu kubwa, ilitunga sheria ya kuikataza mwezi Mei 2024, lakini ndani ya sheria hiyo hiyo ikajiwekea ruhusa ya kuendelea kununua, pale itakapokosekana njia nyingine, hadi mwanzo wa mwaka 2028. Nchi iliyochukua urani ya Shinkolobwe katika Kongo yetu wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, pasipo mchimbaji wa Katanga kuulizwa rai yake, inajua vyema thamani ya kuwa na zaidi ya mlango mmoja.

Na gharama ya marufuku hizo haikukomea kwa waliozitunga. Katika siku za kwanza za Machi 2022 pipa la mafuta lilipita dola 130 katika soko la dunia, na wimbi hilo la bei likapita Dar es Salaam, likapita Kigoma, likavuka ziwa, likamfikia mvuvi wa ndakala ambaye hakuwa na ugomvi na Moscow wala na Kyiv. Nchi zenye fedha ziliwasaidia raia wao kwa ruzuku na punguzo la kodi. Kinshasa nayo ilijaribu kuzishika bei kwa kuwalipa wenye makampuni hasara zao. Lakini bei iliyoandikwa katika waraka wa Wizara ya Uchumi ni bei ya pampu, na kutoka pampu hadi bidoni ya Baraka kuna barabara mbovu, kuna vizuizi vinavyotoza, kuna nauli ya boti, na hakuna waraka unaoyahesabu hayo.

Pwani hii ya magharibi ya Tanganyika ina ujuzi wake wa zamani katika suala la kufunga njia za mali. Mwaka 1965, wapiganaji wa Simba walipokuwa wameishika milima ya Fizi, na Ernesto Che Guevara amewajia pamoja na Wakuba wake kwa kuvuka ziwa kutoka Kigoma, serikali ya Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, ilitambua kwamba vita ile haiishi madhali boti za usiku zinaendelea kuleta silaha na vyakula. Kwa sababu hiyo ikaweka mashua za doria ziwani, na mwezi Septemba ikawashusha karibu na Baraka askari wake pamoja na mamluki wa Mike Hoare. Baraka ilitwaliwa, Fizi ikatwaliwa, Guevara akaondoka Novemba kwa njia ile ile ya maji. Lakini ziwa halikufungika. Laurent-Désiré Kabila alianzisha maskani yake ya Hewa Bora katika milima hiyo hiyo miaka miwili baadaye, akakaa humo kwa muda mrefu, na dhahabu iliendelea kutoka na bidhaa ziliendelea kuingia, kwa kuwa ng'ambo ile na ng'ambo hii ni watu waliooana, wenye ndugu kila upande, ambao njia za maji wamerithi kwa babu zao tangu zama za misafara ya Ujiji.

Lakini funzo kubwa kuliko yote, nalo ndilo lililo karibu zaidi na sheria za leo, lilitukia katika mwaka 1996. Tarehe 25 Julai mwaka huo Meja Pierre Buyoya aliitwaa serikali ya Burundi kwa nguvu za jeshi, na kabla mwezi haujaisha wakuu wa nchi jirani walikutana Arusha, chini ya usuluhishi wa Mwalimu Nyerere, wakaamua jambo lililokuwa adimu barani Afrika: kuiwekea nchi mwenzao vikwazo vya biashara kwa hiari yao wenyewe, pasipo kungoja amri ya wakubwa wa dunia. Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Zaire, Zambia na Ethiopia ziliazimia kuifungia Burundi njia za biashara. Na katika bidhaa zote zilizozuiwa hakuna iliyolengwa kwa matumaini makubwa kama mafuta, kwani Burundi haina kisima, haina bahari, na kila lita iliyokuwa ikiingia Bujumbura ilikuwa lazima ipite katika ardhi au maji ya mmoja wa majirani hao. Ukitazama ramani, ungedhani hapakuwa na marufuku iliyo rahisi kutekelezwa kuliko ile.

Mafuta yaligawiwa kwa kipimo mjini Bujumbura, bei zikapaa, na mashirika ya misaada yenyewe yakapungukiwa na mafuta ya kuendeshea malori ya chakula. Hata hivyo haikuchukua muda kabla magendo hayajajipatia njia, kwa nchi kavu na kwa maji, yakiwa na bei yake na mabwana wake. Mwezi Oktoba vita vya waasi wa AFDL vilianza upande wetu, Uvira ikaanguka, na ukingo huu wa ziwa ukawa hauna serikali inayoweza kusema imeazimia jambo lolote Arusha. Wenye vyeo na wenye jamaa jeshini walipata mafuta na wakapata faida. Mwalimu wa shule na mama muuza mboga ndio waliokwenda kwa miguu. Mwezi Aprili 1997 majirani walilegeza vikwazo, wakaruhusu vyakula, dawa na vifaa vya shule, na tarehe 23 Januari 1999 wakavisimamisha vyote. Wako wanaosema kwamba ndivyo vilivyomsukuma Buyoya kuketi na wapinzani wake katika mazungumzo yaliyozaa Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000, na mimi sioni insafu katika kuikana hoja hiyo moja kwa moja. Shinikizo lilikuwapo na lilisikika. Lakini ni nani aliyelilipia shinikizo hilo? Kwa hakika si wale waliolengwa.

Kinyume cha mfano huo ni Zambia. Ian Smith alipojitangazia uhuru wa walowezi katika Rhodesia tarehe 11 Novemba 1965, Zambia ilikuwa na umri wa mwaka mmoja na siku chache, na kila kilichoipa nguvu kilikuwa mikononi mwa jirani huyo: mafuta yalikuja kwa reli kupitia Rhodesia, makaa ya mawe ya kuyeyushia shaba yalitoka Wankie, na umeme wa migodi ulitoka Kariba, katika bwawa lililokuwa mpakani, ambalo mtambo wake ulijengwa ukingo wa kusini, upande wa Smith. Mwezi Desemba Uingereza ilipokataza mafuta yasiende Rhodesia, Smith naye akayazuia yasipite kwenda Zambia. Mafuta yakaanza kusafirishwa katika mapipa kwa ndege, ndege za Uingereza zikitoka Dar es Salaam na zile za Kanada zikitoka Léopoldville, kwenye nchi hii yetu, ambayo kwa wakati ule ndiyo iliyomfungulia jirani yake mlango. Na malori yakakanyaga barabara ya vumbi na matope kutoka Dar es Salaam, safari iliyoua watu na kuvunja magari, ili Lusaka isizimike.

Serikali ya Kenneth Kaunda ingeweza kutoa hotuba na kuridhika nayo. Badala yake ilijenga. Mgodi wa makaa ulifunguliwa Nkandabwe, kisha mwingine mkubwa zaidi Maamba. Bomba la mafuta la TAZAMA, lenye urefu wa kilometa 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, lilianza kazi mwaka 1968. Mtambo wa umeme wa Kafue Gorge ukafuata mwanzoni mwa miaka ya 1970. Na reli ya TAZARA ikakamilika na kukabidhiwa mwaka 1976. Umeme wa Kariba, ambao ulikuwa mali ya nchi mbili kwa shirika moja, Zambia haikuukata kwa ghadhabu. Iliendelea kuutumia huku ikijenga wa kwake, na mahasimu wawili waliokuwa wakiviziana kwa bunduki kuvuka mto Zambezi waliendelea kugawana nguvu ya mto huo huo. Kaunda alilipa gharama kubwa kwa msimamo wake, na wananchi wake walilipa pamoja naye; lakini walilipa wakiwa na bomba, mgodi na reli, ambavyo vilibaki baada ya Smith kuondoka.

Nasema haya kwa kuwa sasa, katika nchi yetu, maneno ya kumfungia adui njia zote yamekuwa mengi. Goma ilitwaliwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, Bukavu ikafuata katikati ya Februari, na Kinshasa, ambayo pamoja na Umoja wa Mataifa inasema kwamba Rwanda iko nyuma ya waasi hao, ilizifungia anga ndege zilizosajiliwa Rwanda. Sokoni na makanisani nimesikia watu wenye uchungu wa haki, waliozika ndugu zao, wakitaka kila kitu kitokacho upande ule kikatazwe kwa sheria, mafuta yakiwemo na umeme ukiwemo. Uchungu huo ni wangu pia. Lakini mtu na autazame mto Ruzizi kabla ya kuandika sheria hiyo. Mtambo wa Ruzizi II, wenye megawati 43.8, ulioanza kazi mwaka 1989, ni mali ya Kongo, Rwanda na Burundi kwa pamoja, chini ya shirika la SINELAC, lililozaliwa na jumuiya ya CEPGL ya mwaka 1976, wakati ambapo wakuu wa nchi hizo tatu waliamini kwamba waliogawana waya mmoja hawatapigana. Imani hiyo haikuzuia vita vyovyote. Waya, hata hivyo, ulibaki. Na vita vikali kuliko vyote vilipokuwa vikiendelea, maji ya Ruzizi yaliendelea kuwa nuru ya mahasimu wote watatu, kama vile Kariba ilivyokuwa. Ruzizi III, wenye megawati 206, umekuwa ukizungumzwa miaka mingi na umetajwa tena katika mashauri ya ushirikiano wa kiuchumi yaliyoandamana na mkataba wa amani uliotiwa saini Washington tarehe 27 Juni 2025.

Kwa mtu wa Fizi mjadala huo wote una kasoro moja chungu: waya huo haujapata kumfikia. Umeme wa Ruzizi hushuka hadi Uvira, na kusini ya hapo, katika zile takriban kilometa 90 za Barabara ya Taifa namba 5 zinazopita Makobola, Swima na Mboko hadi Baraka, na kutoka Baraka kupanda Fizi mjini, mwenye taa ni mwenye kibati cha sola au mwenye jenereta, na jenereta ni esansi, na esansi ni ziwa. Wodi ya wazazi inayopasua usiku hutegemea bidoni. Pampu za maji, friji za chanjo, mashine ya muhogo ya mjane ambaye ndiyo mtaji wake pekee, vyote hutegemea bidoni. Makambi ya Lusenda na Mulongwe, walimokimbilia Warundi tangu mwaka 2015, hutegemea malori yanayokunywa kutoka bidoni hizo hizo.

Mwezi Desemba 2025 tulionyeshwa kipimo cha udhaifu wetu. Waasi waliingia Uvira tarehe 10, Burundi ikafunga mpaka wa Gatumba, makumi ya maelfu ya watu wakakimbilia ng'ambo, na barabara ya kaskazini ikakatika. Hapakuwa na Bunge lililopiga kura, hapakuwa na waraka uliotangaza marufuku, ila matokeo yake kwa soko la Baraka yalikuwa ya marufuku kamili: kaskazini hapakupitika, barabara ya kusini kwenda Kalemie ilikuwa ya matope na mabanda ya kutozea ushuru wa bunduki, na kilichobaki kilikuwa Kigoma tu, pamoja na meli zake na hisani ya majirani zetu Watanzania. Na Burundi yenyewe, ambayo kwa miaka ya karibuni imekuwa na uhaba mkubwa wa mafuta kiasi kwamba watu wake walikuwa wakivuka kuja Uvira kuyatafuta, haikuwa na cha kutupa hata kama mpaka ungekuwa wazi.

Nchi yenye mlango mmoja haiwezi kutunga sheria ya kumfungia adui; adui ndiye anayeitungia sheria, siku anayoitaka. Kwa hiyo, kabla Kinshasa haijafikiria kukataza nguvu yoyote itokayo kwa hasimu, na iko haki ya kufikiria hivyo siku moja, kuna kazi za kutangulizwa ambazo si za hotuba. Bandari ya Baraka yahitaji gati ambapo chombo cha mafuta kitashusha kwa usalama, badala ya mapipa kubingirishwa majini na kuvutwa kwa kamba na vijana waliolowa hadi shingoni. Wilaya yahitaji ghala la akiba lenye ulinzi, lijazwe wakati wa utulivu. Mito inayoteremka kwa kasi kutoka milima ya Itombwe, Mutambala miongoni mwake, yahitaji kupimwa na wahandisi. Barabara namba 5 yahitaji madaraja. Na makubaliano ya mafuta na Kigoma yahitaji kuandikwa baina ya serikali na serikali, yasiachwe kuwa muamala wa mwenye boti na mwenye depo, ambao siku ya dhiki kila mmoja atamwuzia atoaye zaidi.

Wabunge waliochaguliwa na Fizi wameketi Kinshasa, na shauri la Ruzizi III litapita mbele yao kwa njia moja au nyingine, likiwa limebeba fedha za wafadhili na saini za nchi tatu. Waulize, na jibu walidai kwa maandishi: laini ya umeme itakayotoka katika mtambo huo itaishia Uvira tena, au nguzo zake zitafika Baraka na kupanda Fizi, na ni mwaka gani?